Niliona Haya Kusema Sioni

Kuna siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mikono yangu inaanza kutafuta kitu cha kushika. Miaka imepita mingi. Nimehamishwa vituo vitatu, nimepata wajukuu wawili, na sasa imebaki miaka michache nistaafu unesi nikae hapa Manundu, Korogwe, nifuge kuku wangu. Lakini siku ile haijasogea. Ipo palepale nilipoiacha.

Nakusimulia wewe unayeishi nami kwa sababu nakuona. Unakaa na simu yenye kioo kilichopasuka, kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia, nawe umekiinamia kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Ukiinua uso unafikicha macho. Nikikuuliza unaniambia, "Vumbi tu, bibi." Hata mimi nilisema ni vumbi. Nilisema ni vumbi kwa miezi minne.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nesi katika zahanati moja ya kijijini huko Handeni. Mimi ni Mshambaa wa milimani, lakini Kishambaa na Kizigua vinasikilizana, kwa hiyo haikuchukua muda akina mama Wazigua wa kule wakanizoea. Tulikuwa wawili tu wa kutibu: mimi, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mzee mmoja mpole ambaye kijiji kizima kilimwita Daktari. Zahanati ilikuwa na vyumba vinne, friji ya gesi ya kutunzia chanjo na dawa zinazotaka baridi, na tangi la maji ya mvua ambalo kiangazi hulikausha mapema.

Nisikufiche, nilikuwa mpweke. Mume wangu alikuwa kazini mbali. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu huko milimani. Jioni za kule zilikuwa ndefu. Ndipo zilipoingia zile simu za Kichina, zenye kioo kikubwa na spika za kelele, nami nikanunua yangu Korogwe. Kijana mmoja mwenye kibanda pale Chanika, mjini Handeni, akawa ananijazia filamu kwenye memori kadi: za Kihindi, zile zilizotafsiriwa, na tamthilia ndefu ambazo ukimaliza sehemu moja huwezi kulala bila kujua ya pili. Nilikuwa naziangalia nikila, nikisubiri maji yachemke, nikikaa barazani. Simu ile ilikuwa ndiyo ndugu yangu.

Haikumaliza miezi mitatu ikaniponyoka nikiwa juu ya pikipiki, ikaangukia kwenye changarawe. Kuzungumza ilikuwa inazungumza. Ila kioo kikaanza kuchezacheza. Picha inakuja, inafifia, inarudi, hivyo hivyo bila kupumzika. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapahapa Manundu. Akaifungua, akaipindapinda, akaniambia, "Dada, waya wa kioo umekwisha. Niachie wiki mbili niagize kingine."

"Wiki mbili!" nikamwambia. "Nitakaaje wiki mbili bila simu?"

"Basi usikitazame sana. Mimi mwenyewe hapa nimekitazama kidogo tu kichwa kinaniuma."

Nikacheka. Nikachukua simu yangu nikapanda gari la kurudi Handeni, na njia nzima nilikuwa naangalia filamu.

Maumivu hayakuja siku moja, mwanangu, na ndiyo maana yanadanganya. Kwanza macho yakawa yanawasha jioni. Kisha kichwa, hapa juu ya nyusi, kikawa kinabana kama nimefungwa kilemba kilichokaza. Nikitoka nje juani machozi yananitoka bila kilio. Baadaye herufi ndogo zikaanza kunigomea. Naangalia kadi ya mtoto kliniki, tarakimu moja naiona mbili, moja imepanda juu ya mwenzake. Nikikaza macho zinatulia kidogo, halafu zinaachana tena. Nikawa naandika kwa kukisia mstari ulipo.

Daktari aliona. Siku moja alinyanyua rejesta akaniuliza taratibu, "Nesi, hapa umeandika kilo nane au kilo tatu?"

"Nane, Daktari. Kalamu mbaya."

"Na hapa je?"

"Kalamu hiyohiyo."

Akavua miwani yake, akaniangalia. "Kama macho yanakusumbua niambie, nikuandikie barua uende hospitali ukapimwe. Macho ni kifaa cha kazi."

"Sina shida yoyote, Daktari."

Kwa nini nilimdanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Niliona haya. Nilikuwa kijana, nilikuwa nasifiwa kwamba nina mkono mwepesi wa sindano, watoto hawalii kwangu. Nikisema sioni, nitaulizwa tangu lini, na nikisema tangu lini, nitaulizwa kwa sababu gani. Sasa nitamwambia mzee yule mwenye heshima zake kwamba macho yangu yameharibiwa na filamu za Kihindi? Nikanyamaza.

Kuna jambo lingine lazima ulijue kabla sijafika kwenye siku yenyewe. Kwenye friji yetu tulikuwa na dawa mbili za sindano, zote za kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua. Ya kwanza ni oksitosini, hiyo tunampa kila mama. Ya pili ni kali zaidi kwenye mishipa, na mama mwenye presha hatakiwi kabisa kuchomwa, maana inaweza kuipandisha presha hiyo hadi ikampasulia mshipa kichwani. Zilikaa kwenye vichupa vidogo vya kioo, vifupi kuliko kidole chako, vya kufunguliwa kwa kuvunja shingo, na kwenye shehena ya safari ile zilikuja zikiwa na umbo moja na rangi moja. Maandishi yake madogo kama miguu ya sisimizi. Maboksi yake yalilowa friji ilipoyeyuka barafu, tukayatupa, vichupa vyote vikaishia kwenye kopo moja. Daktari akaniambia nivitenganishe, kila dawa na kopo lake, niandike kwa maandishi makubwa. Nilijaribu siku ileile. Nilisoma kichupa cha kwanza, cha pili, kwenye cha tatu kichwa kikaanza kubana. Nikasema nitamalizia kesho. Nikavirudisha vyote kwenye kopo lilelile. Wiki nzima ikapita nikisema kesho.

Siku yenyewe, Daktari aliondoka asubuhi kwenda kikaoni mjini Handeni. Kliniki ilikuwa na watu wachache, hadi saa sita walikuwa wameisha. Nikafunga mlango wa mapokezi nusu, nikakaa kwenye benchi la stoo palipo na kivuli, nikawasha simu. Filamu ya kwanza nikaimaliza. Nikaanza ya pili. Macho yalikuwa yanachoma lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo yule dada wa filamu anakaribia kumjua baba yake wa kweli, nawe unajua mambo hayo. Hajamjua bado, chaji ikaisha. Simu ikazima mkononi mwangu. Nilipoinua kichwa ukuta wa stoo ulikuwa unapepesa kama kioo kilivyokuwa kinapepesa. Nikafumba macho. Nikasikia pikipiki mbili zinaingia uwanjani kwa mwendo wa mbio.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nikatoka nje, jua likanipiga usoni nisione kitu ila weupe mtupu. Sauti ya mwanamume ikanifikia kwanza: "Nesi, tusaidie! Anazaa huyu!"

Alikuwa Saidi, mkulima wa pale kijijini, amemkumbatia mkewe juu ya pikipiki asidondoke. Mkewe aliitwa Mwajabu, nilimfahamu vizuri. Mimba yake ya pili. Presha yake ilikuwa imepanda kwenye mahudhurio mawili ya mwisho, Daktari alikuwa amewaambia waende wakasubirie hospitali mjini. Walikuwa wamejiandaa kuondoka keshokutwa yake. Uchungu haukusubiri keshokutwa.

Kwenye pikipiki ya pili alikuja mama yake Saidi, Bibi Mwanahawa. Mwembamba, mrefu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mama ambaye alikuwa amezaa saba na kuzika wawili. Aliteremka akaja hadi karibu kabisa na uso wangu ndipo akanitambua. Alikuwa haoni mbali, kila mtu pale alilijua hilo. Ukimpungia mkono ng'ambo ya njia hakujui. Lakini vitu vya karibu aliviona kuliko vijana. Alikuwa ndiye anayeitwa akinamama wakitaka kutunga uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Mjini, kikaoni."

Bibi akamshika mkwe wake mkono, tukaingia naye chumba cha kujifungulia. Saidi akabaki nje.

Nilimpima Mwajabu presha. Mshale wa kipimo ulikuwa unacheza machoni mwangu, lakini hata kwa kucheza niliona uko juu. Hapakuwa na muda wa kumpeleka popote. Mtoto alikuwa njiani. Nilitakiwa kabla ya yote niwe nimeandaa sindano ya oksitosini, ipo tayari kwenye trei, ndivyo tulivyofundishwa. Nikageuka kwenda kwenye friji, Mwajabu akapiga ukelele, nikarudi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Akazaliwa mtoto wa kike. Akalia mara moja, sauti kali. Bibi Mwanahawa akampokea kwenye kitenge akasema "Alhamdulillahi" mara tatu. Nikaangalia tumboni, hakuna mwingine. Nikakata kitovu. Hadi hapo, mwanangu, nilikuwa nafanya kazi kwa mikono, na mikono yangu haikuwa na kosa.

Nikaenda kwenye friji, nikaleta lile kopo. Nikachukua kichupa kimoja nikakiinua.

Sikuona kitu. Niliona doa la rangi ya samawati lililokuwa linatetemeka. Nikakaza macho hadi nyusi zikauma. Doa likawa mistari, mistari ikawa miwili, ikapandana, ikaachana. Nikakisogeza mbali. Nikakisogeza karibu. Nikaenda dirishani nacho, jua likang'aa kwenye kioo chake, ikawa mbaya zaidi. Nikachukua kichupa cha pili. Hivyo hivyo. Nikafumba macho nikahesabu hadi tano, nikafumbua. Zile herufi zilikuwa zinawaka na kufifia, zinawaka na kufifia, na simu ilikuwa imezima iko stoo.

Nyuma yangu Mwajabu akasema kwa sauti ya mtu anayesinzia, "Nesi, nasikia maji yanatoka."

Hayakuwa maji. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka lenyewe, na damu ilikuwa inalifuata. Mwanzoni kidogo, kisha si kidogo. Nikarudi mbio nikaweka mkono tumboni kwake chini ya kitovu. Mfuko wa uzazi ulikuwa laini, umelegea, ulipotakiwa uwe mgumu kama ngumi. Nikausugua kwa nguvu. Ukakaza. Nilipoondoa mkono nichukue sindano, ukalegea tena, damu ikaruka kwenye aproni yangu.

Hapo akili yangu ikafanya hesabu ya kishetani. Nikajiambia: kwenye kopo oksitosini ni nyingi kuliko ile nyingine. Nikichukua chochote, huenda kikawa chenyewe. Na hicho nilichokishika mkononi nakiona kama ndicho. Unaelewa, mwanangu? Sikukisoma. Nilijiambia nakiona kama ndicho. Nikashika shingo ya kichupa kwa kipande cha pamba, tayari kukivunja.

"Nesi."

Bibi Mwanahawa alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, mtoto kifuani.

"Hiyo dawa umeisoma?"

"Nimeisoma, bibi. Kaa na mtoto."

"Hukuisoma. Nimekuangalia tangu ulipokwenda dirishani. Umekwenda huko ukarudi kama ulivyokwenda."

"Bibi, nina haraka, mkweo anatoka damu!"

"Naona anatoka damu. Nami nakuuliza kwa sababu anatoka damu." Hakupandisha sauti. Alisogea hadi nikaiona mikunjo ya macho yake. "Alituambia Daktari huyu ana presha, si kila dawa ni yake. Kama huoni, sema huoni. Asinifie mtoto wa watu hapa kwa ajili ya haya yako."

Nikamwangalia Mwajabu. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Alikuwa ananitazama mimi, si bibi. Macho yake yalikuwa yamenitegemea kabisa, kama mtu anavyomtegemea dereva wa gari alilopanda.

"Sioni, bibi," nikasema. "Sioni. Siwezi kusoma."

Maneno hayo niliyaogopa miezi minne, na kuyasema hakukuchukua hata pumzi moja.

Bibi hakunilaumu. Akamlaza mtoto kwenye kitanda kidogo, akanyoosha mkono. "Nipe mimi. Nilisoma elimu ya watu wazima. Herufi nazijua, maneno ndiyo nakwenda nayo taratibu. Wewe msugue mwenzako."

Nikampa kile kichupa nilichokuwa nataka kukivunja. Nikarudi kumsugua Mwajabu, mkono mmoja juu ya tumbo. Bibi akakileta kichupa karibu na pua yake hadi kikakaribia kuligusa jicho.

"Ya kwanza ni E," akasema. "E. Halafu R. Halafu G."

Herufi hizo ni za ile dawa nyingine. Ndiyo ambayo Mwajabu hakutakiwa kuchomwa. Ilikuwa imebaki kidole changu kukaza tu.

"Weka pembeni hiyo, bibi! Mbali! Soma nyingine."

Akachovya vidole kwenye kopo akachukua kingine. Nilikuwa nasikia damu inadondoka sakafuni, tone juu ya tone. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Nje Saidi akauliza kuna nini.

"E tena," akasema bibi.

"Nyingine, bibi. Fanya haraka."

"Haraka ndiyo ilitaka kutuua. Tulia." Akachukua cha tatu. Akakigeuza kwenye mwanga. "Hii ni O. Ya kwanza ni O."

"Na ya pili?"

"Ya pili siijui jina. Haimo kwenye herufi tulizofundishwa. Ni ile alama ya kukosa, ile anayoiweka mwalimu ukikosa hesabu."

Mwanangu, jina la oksitosini kwa Kizungu linaandikwa kwa X baada ya O. Sisi kwenye alfabeti yetu hatuna X. Bibi Mwanahawa aliijua kama kosa la hesabu, na kwa kuijua hivyo aliokoa roho.

"Na ya tatu?" nikauliza, maana sikutaka tena kukisia chochote duniani.

"Ya tatu ni Y. Halafu T. Halafu O."

"Ndiyo hiyo, bibi. Nipe."

Nilikivunja, nikavuta dawa. Mstari wa kipimo kwenye bomba la sindano nilimwonyesha bibi, akausoma yeye, nikamchoma Mwajabu pajani. Nikamtoa mkojo kwa mpira ili mfuko wa uzazi upate nafasi ya kukaza. Nikamtundikia maji, mshipa niliupata kwa kuupapasa, si kwa kuuona. Kisha nikaendelea kusugua na kusubiri. Kusubiri kule simwombei hata adui yangu. Nilikuwa nasema na ule mfuko wa uzazi kimoyomoyo: kaza, kaza, kaza.

Nikamwita Saidi kwa sauti aite gari la wagonjwa. Simu yangu mimi ilikuwa imekufa stoo, imekula chaji yote kwa filamu. Yeye alikuwa na simu yake ndogo ya tochi, ile yenye vitufe, akampigia Daktari. Namba alikuwa amepewa kliniki.

Baada ya muda ambao sijui niuite mrefu au mfupi, nikasikia chini ya kiganja changu kitu kinajikusanya. Mfuko ukawa mgumu. Nikaondoa mkono, nikangoja. Haukulegea. Damu ikawa inachirizika, kisha ikawa ya kawaida.

"Atapona?" akauliza bibi.

"Atapona, bibi."

Ndipo nikamwona Bibi Mwanahawa anakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele, anasema maneno ya Kizigua ambayo hata mimi niliyekuwa nakielewa sikuyashika yote. Nilielewa tu kwamba alikuwa anasema na Mungu, na alikuwa ananitaja.

Gari lilifika jua likiwa bado halijazama. Daktari alikuwa ndani yake. Mwajabu akapelekwa hospitali, akaongezewa damu, presha yake ikashughulikiwa, na siku ya sita akarudi nyumbani na binti yake.

Daktari alirudi kituoni kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimemsubiri mlangoni. Nilimweleza yote: filamu, kioo, miezi minne, lile kopo ambalo sikulitenganisha, kichupa chenye E. Sikuacha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani yake, nikatamani anitukane.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kwa upole, ukanijibu kalamu."

"Ndiyo, Daktari."

"Na mimi nilipaswa kukuangalia, si kukuuliza tu. Hilo ni langu." Akavuta kopo, akaanza kuvitenganisha vichupa mwenyewe. "Hutagusa mama mjamzito wala sindano mpaka upimwe macho. Nitaandika barua na nitaandika taarifa. Sitakuficha, wala wewe usijifiche."

Nilipimwa hapa Korogwe. Mtaalamu wa macho akanipa vibao vya herufi nisome, akanimulika, akaniuliza nafanya nini kutwa. Nikamwambia ukweli. Akanieleza kwamba mimi nilizaliwa na macho yanayohitaji msaada kidogo kwa vitu vya karibu, ila ujana ulikuwa unayabeba. Yalikuwa yanajikaza yenyewe bila mimi kujua. Simu inayopepesa, saa nyingi bila kupumzika, karibu na uso, ikayachosha hadi yakashindwa kujikaza. Tena mtu akitazama kioo hivyo hupepesa macho mara chache, yanakauka, ndiyo maana yanawasha. "Hujapofuka," akaniambia, "na simu haitakupofusha. Lakini jicho lililochoka halina tofauti na jicho bovu kwa mtu unayemtibu." Akaniandikia miwani. Nikarudi kwenye sindano baada ya wiki tano, na Daktari amesimama pembeni yangu.

Ungedhani hadithi imekwisha kwa salama. Kuna mahali pamoja pamebaki, na ndipo panaponiuma.

Nilikwenda kumwona Mwajabu nyumbani. Nilimkuta ananyonyesha, Bibi Mwanahawa anapepeta mahindi uani. Mwajabu akanikaribisha kwa furaha, akanishika mkono, akaniambia, "Nesi, Mungu akupe maisha marefu, uliniokoa." Bibi akaacha kupepeta. Kujibu aliniachia mimi.

Nikamwambia. Nikamwambia nilichokuwa nimekishika, na kwamba nilikuwa nataka kukivunja, na ni nani aliyenizuia.

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu. Akamtazama mtoto muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kama mama asingeuliza, ungesema?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi ahsante kwa kutonidanganya leo," akasema. Hakunifukuza. Alinipa chai nikanywa. Lakini hakunishika mkono tena siku ile, na mtoto alipoanza kuletwa kliniki, kwa miezi mingi Mwajabu alikuwa anasubiri Daktari ampime. Nilikuwa namwona kwenye benchi anawapisha wenzake mbele, nami nilijua kwa nini, na sikuwa na haki ya kununa.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie ninachotaka ubaki nacho. Sikukatazi simu. Mimi mwenyewe ninayo, na wajukuu zangu nazungumza nao humo. Kioo kikianza kupepesa, kitengeneze au kiache, hata kama utakaa wiki mbili bila kuzungumza na mtu. Usiseme nitavumilia, maana jicho linavumilia kimyakimya mpaka siku linapokataa. Inua uso kila baada ya muda mfupi, tazama vilima vile, tazama njia, tazama kuku wa jirani. Fumba macho, yafumbue. Usiinamie mwanga gizani. Kichwa kikibana, herufi zikipandana, usisubiri hadi mtu akuulize, nenda ukapimwe. Miwani si uzee wala si aibu.

Na zaidi ya hayo yote, siku yoyote ukiwa umeshika maisha ya mtu, awe mgonjwa, abiria au mtoto aliyeachwa kwako, na ukajua kwamba huoni sawasawa, sema. Sema mapema, sema kwa sauti, hata anayekusikiliza awe amekuzidi umri, au awe mdogo wako. Watu wanasamehe jicho bovu. Kinachowatoka moyoni kwa shida ni kujua ulijua ukanyamaza.

Mola akutunzie nuru ya macho yako hadi uwaone watoto wa watoto wako. Akupe watu wa kukuuliza maswali magumu kwa wakati wake, na akupe ulimi mwepesi wa kuwajibu ukweli. Haya, inuka unawe uso kwa maji baridi. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa mtaalamu wa macho. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, wewe uingie.